Laurean na Kamati ya Kupanga Masomo

Laurean Kamugisha aliigawa dunia sehemu mbili, na hakuwahi kuomba msaada wa mtu katika kuigawa. Upande mmoja kulikuwa na sayansi. Upande wa pili kulikuwa na yaliyobaki. Kuingiza gari pana katika nafasi finyu ilikuwa sayansi. Kupika ndizi na maharage bila kuzivuruga ilikuwa sayansi, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kumheshimu mkewe Benadetha. Kukaa na kuchambua ndoa za watu ilikuwa sanaa. Siasa, sanaa. Hotuba za harusini, sanaa tena ya daraja la chini. Yeye alipoombwa kuhutubia harusini alisimama, akataja majina ya maharusi kwa usahihi, akawatakia afya njema, akakaa.

Mgawanyo huo aliutoa shuleni Tabora, katika miaka ya sabini, alipokuwa Kidato cha Tano na cha Sita akisoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Alitaka udaktari. Pointi zikakataa. Akasomea ubwana afya, akakagua vyoo na mabucha ya Bukoba kwa miaka mingi bila kupokea hata kipande cha maini cha bure, kisha jina la mkewe likatoka katika bahati nasibu ya viza za Marekani, na familia nzima ikahamia Silver Spring. Hapo walikuta jengo la ghorofa lenye Wahabeshi, Wasalvador na Wakenya, na treni ya Mstari Mwekundu ya kumpeleka Laurean mjini Washington kila asubuhi. Kule alikuwa msimamizi wa maegesho ya magari, ghorofa tatu chini ya ardhi, mahali ambapo jua halijawahi kufika tangu jengo lijengwe. Madereva wa wakubwa na wanasheria walimwachia funguo zao bila wasiwasi. Sarafu iliyoanguka kati ya viti vya gari ilibaki pale pale ilipoanguka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa Gwakisa, Mnyakyusa wa Tukuyu waliyesoma naye Tabora. Gwakisa alikuwa HGL: Historia, Jiografia, Lugha. Kwa hiyo, kwa hesabu za Laurean, Gwakisa alikuwa mtu wa sanaa, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakumruhusu asahau. Gwakisa naye alimlipa kwa kumwita nshomile, jina ambalo Watanzania huwatania nalo Wahaya wanaojivunia shule. Kilichomsumbua Laurean kidogo ni kwamba mtu huyo wa sanaa alikuwa na kazi ya ofisini, nyumba mpya ya ghorofa mbili kule Germantown, na mashine ya kukatia majani. Laurean alipoulizwa jambo hili linawezekanaje, alijibu kwamba Germantown ni mbali, na mtu anayekaa barabarani muda wote huo kwenda kazini si mtu wa kuonewa wivu.

Matumaini yote ya sayansi yalihamia kwa binti yao, Flaviana. Mwaka huo wa 2007 alikuwa anamaliza mwaka wa tatu chuo kikuu cha jimbo, na majira ya joto yalipoingia akaanza kujaza maombi ya vyuo vya udaktari. Maombi hayo yalijazwa kwenye kompyuta na kupelekwa ofisi moja kuu, nayo ndiyo iliyoyasambaza vyuoni. Kazi iliyokuwa inamchosha ilikuwa moja. Kila kozi aliyosoma tangu mwaka wa kwanza ilitakiwa aiingize na kuipangia fungu lake. Ikiwa baiolojia, kemia, fizikia au hesabu, gredi yake iliingia katika wastani wa sayansi. Ikiwa kitu kingine, haikuingia. Na wastani wa sayansi ndio ulioangaliwa kwanza. Mshauri wake pale chuoni alikuwa amemchorea mstari: chini ya hapa, alimwambia, vyuo vingi havitafungua hata faili lako. Flaviana alikuwa ameukanyaga mstari huo. Kukanyaga tu, hakuwa ameuvuka.

Alichomwomba baba yake kilikuwa kidogo sana. Alimwomba amsomee majina ya kozi kutoka kwenye karatasi ya matokeo wakati yeye anachapa.

Laurean akaita kamati.

Mtu asiyewajua Watanzania wa ughaibuni anaweza kushangaa. Lakini Watanzania hao watatu wakikutana kwa jambo lolote, mmoja huwa mwenyekiti, wa pili katibu na wa tatu mweka hazina, hata kama hakuna hazina. Kuna kamati ya harusi, ya msiba, ya kipaimara, ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege. Laurean aliona kwamba jambo zito kuliko kipaimara haliwezi kufanywa na watu wawili mezani. Jumapili moja, baada ya Misa ya Kiswahili, sebule ilijaa harufu ya chai ya tangawizi. Mwenyekiti alikuwa Laurean mwenyewe, hakuna aliyemchagua. Katibu alikuwa Gwakisa, kwa kuwa watu wa sanaa wana mwandiko mzuri. Mjumbe alikuwa jirani wa mlango wa pili, Mwatime, mama wa Kimombasa aliyefundisha chekechea, ambaye alikuwa amekuja kurudisha sufuria na kuambiwa akae. Benadetha alikuwa mweka hazina, yaani sambusa.

Flaviana alitoka chumbani na kompyuta yake mkononi, akawaona, akasimama.

"Baba, no. Please."

"Salimia wajumbe."

"Shikamoo anko. Shikamoo anti." Akakaa pembeni ya meza kama mtuhumiwa, na kuendelea kwa Kiingereza, lugha aliyojibia kila kitu tangu alipofika nchi hii akiwa na miaka tisa. Alisema hili ni jambo la nusu saa. Ni kuchapa tu.

"Hilo la kuchapa ni lako," Laurean alisema. "Kupanga kipi ni sayansi na kipi si sayansi, hapo mtu haachwi peke yake. Hebu tusomee kanuni."

Flaviana alivuta pumzi, akasoma kanuni ya ofisi kuu. Ilikuwa fupi. Kozi ipangwe kwa kile hasa kilichofundishwa ndani yake, si kwa jina la idara iliyoifundisha.

Laurean aligonga meza kwa furaha. "Mmesikia? Kilichofundishwa! Si idara! Katibu, andika hiyo, uipigie mstari."

"Nimeandika, Mheshimiwa Mwenyekiti Nshomile," alisema Gwakisa, ambaye alikuwa amechora ng'ombe.

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Baiolojia ya seli: sayansi. Kemia: sayansi. Kemia ya kaboni, ambayo Flaviana aliisoma mara moja na hakutaka kuikumbuka: sayansi, na gredi yake ilisomwa kwa sauti ya chini, kama jina la marehemu. Fasihi ya Kiingereza haikuhitaji mjadala. Halafu Laurean akaweka kidole kwenye mstari uliofuata, na uso wake ukang'aa.

"Jiografia. A! Tena A kamili. Sayansi."

"Baba, hapana," Flaviana alisema. "Hiyo naiweka sayansi ya jamii."

"Jamii gani? Mimi nimesoma CBG. Hiyo G unadhani ni ya nini?"

"Lo! Hiyo jiografia kwetu Kenya yawekwa kapu moja na historia na dini," Mwatime alidakia, akipuliza chai yake. "Wala sijasikia mtu akiiita sayansi. Nyinyi Watanzania mwachekesha."

"Mama, kwa heshima zote, Kenya mambo mengi mmeyaweka kapu lisilo lake."

"Heshima zenyewe sizioni."

Gwakisa aliweka kalamu chini taratibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeona mlango umeachwa wazi baada ya kuusukuma miaka thelathini.

"Mwenyekiti, nina swali la utaratibu. Pale Tabora, Jiografia tulisoma darasa gani?"

"Ule ukumbi mkubwa, karibu na bwalo."

"Tulisoma nani na nani?"

Laurean alikohoa. "CBG. Na... na wengine."

"Wengine ni sisi! HGL tulikaa madawati ya nyuma yenu. Mwalimu yule yule, ramani ile ile, mtihani ule ule. Mimi nikapata B, wewe ukapata C. Sasa niambie, bwana. Jiografia ikitoka na wewe mlangoni inakuwa sayansi, ikitoka na mimi inakuwa sanaa? Inabadilikia wapi, koridoni?"

Mwatime alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. Benadetha aligeukia dirishani, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Kumbe miaka yote hii," Gwakisa aliendelea bila huruma, "wewe theluthi yako moja ni Arts kabisa, na umeificha!"

Laurean hakuwa mtu wa kushindwa kwa kelele. Aliinua kidole. "Kanuni. Kilichofundishwa. Mwanangu, mlifundishwa miamba? Mvua? Mito inavyokata mabonde? Kama mlifundishwa miamba, ni sayansi, na kikao kinaendelea."

"Tulifundishwa miji," alisema Flaviana. "Watu wanahama kutoka wapi, wanakwenda kukaa wapi, kwa nini. Mimi niliandika kuhusu mtaa wa Langley Park. Maduka ya wahamiaji, mabasi yanavyojaa, kodi za nyumba. Hakukuwa na jiwe hata moja, Baba."

"Hata mvua?"

"Ilininyeshea nikihoji watu kituoni."

Kuna watu ambao wangelazimisha, na wapo wengi. Wangesema mabasi ni mwendo, mwendo ni fizikia, tusonge mbele. Laurean aliuonja uongo huo mdomoni kwa kitambo kidogo, na ulikuwa mtamu, kwa sababu A ile ingemsogeza binti yake mbali na mstari. Kisha akaondoa kidole.

"Si sayansi," alisema. "Weka kwenye jamii. Katibu, andika kwamba mwenyekiti amekubali, na usiandike zaidi."

Wakaendelea. Historia ya Afrika. Kihispania. Fizikia ya kwanza, fizikia ya pili. Halafu mstari ulioandikwa kwamba ni kozi ya takwimu kwa wanafunzi wa saikolojia. Gredi yake ilikuwa C. Flaviana alichapa haraka kuliko alivyochapa kozi nyingine yoyote.

"Saikolojia," alisema, macho kwenye kompyuta. "Inayofuata?"

Laurean alimtazama. Binti huyo alikuwa na namna ya kukunja vidole vya miguu akiwa na jambo, tangu utotoni, na sasa alikuwa amevikunja ndani ya soksi. Laurean alijua takwimu ni nini. Alijua pia kwamba katika sebule ile hakuna mwingine aliyekuwa anasikiliza kwa makini: Gwakisa alikuwa anamwongezea ng'ombe wake pembe, Mwatime alikuwa anasifia kachumbari. Kozi ilikuwa imesomwa idara ya saikolojia. Karatasi ilisema saikolojia. Nani angeuliza?

"Inayofuata," alisema Laurean, "ni jenetiki."

Alipita. Akasoma jenetiki, akasoma mikrobiolojia, zote sayansi na zote gredi nzuri. Akanyoosha mkono kuchukua sambusa, akaila bila kujua kama ilikuwa ya nyama au ya dengu.

Gwakisa alifunga daftari lake. "Nataka kusema kitu, na kisiandikwe, kwa sababu mwandishi ni mimi. Laurean, nimekutania tangu tukiwa vijana. Leo ile A umeiacha, na ilikuwa ya mwanao. Mimi ningeichukua. Haki ya Mungu, ningeichukua nikaenda nayo Germantown. Nimekuheshimu, ndugu yangu."

Hakuna matusi ambayo yangemuumiza Laurean kama sifa hizo. Sambusa ilikwama. Mkewe akampa chai, akidhani ni pilipili.

"Rudi nyuma," alisema alipopata sauti.

"Wapi?" aliuliza Flaviana, ingawa alijua.

"Takwimu. Mlifanya nini humo?"

"Baba, ni idara ya saikolojia."

"Kanuni haijauliza idara. Nilimwambia katibu aipigie mstari."

Flaviana aliitazama karatasi ya matokeo. "Wastani," alisema. "Mtawanyiko. Uwezekano wa tukio kutokea."

"Saikolojia ilikuwa sehemu gani?"

"Kwenye mifano."

"Mifano ya nini?"

"Panya," alisema kwa unyonge, na safari hii alisema kwa Kiswahili. "Panya wenye wasiwasi."

Mwatime alitaka kucheka, akauona uso wa msichana, akaacha.

"Ukiwatoa panya," Laurean aliuliza, "kinabaki nini?"

"Hesabu."

Benadetha aliinuka na sahani. "Baba Flavi! Mwache mtoto! Kozi imeandikwa saikolojia kwa herufi za chuo chenyewe, si za kwetu. Wenzake wote wameiacha huko huko. Wewe hapo nyumbani kwako mwenyewe unamtafutia mwanao C?"

"Siitafuti. Ipo."

"Uko upande wa nani, Baba?" Flaviana aliuliza. Alichukua kipande cha karatasi, akapiga hesabu, haraka na vizuri kiasi kwamba ungejiuliza ile C ilitoka wapi. Akamsogezea baba yake. Kozi ile ikikaa saikolojia, alikuwa juu ya mstari wa mshauri. Ikiingia hesabu, alikuwa chini yake. Chini kidogo tu, lakini mstari hauna kidogo. "Hii ndiyo inayoamua kama wataniangalia. Nilikuwa nafanya kazi wikendi zote muhula ule, unakumbuka? Sasa nikiiweka hapa, wasinifungue kabisa, utafurahi?"

Laurean aliitazama ile karatasi. Alikuwa amekagua mabucha, na alijua kwamba nyama mbaya haiwi nzuri kwa kuhamishiwa ndoano nyingine. Lakini nyama zile hazikuwa za mwanawe. Aliona miaka yote ya kukaa chini ya ardhi akivuta hewa ya mabomba ya magari ya watu, na koti jeupe ambalo yeye mwenyewe hakulipata, vyote vikining'inia kwenye kozi moja ya panya. Alitamani sana angekuwa amesoma HGL, asijue takwimu ni nini.

"Sitafurahi," alisema. "Na sitakulazimisha. Jina la chini pale ni lako, si langu, wala si la kamati. Lakini umeniuliza niko upande wa nani. Ile A tumeitoa kwa kanuni hii hii. Ikiwa kanuni inafanya kazi kwenye A na inalala kwenye C, hiyo si kanuni, binti yangu. Hiyo ni hila. Na daktari atakayenipasua mimi nikiwa sina fahamu, nataka awe mtu anayeandika kilichopo hata kama mimi sioni."

Mwatime alichukua sufuria yake, akakumbuka kwamba haikuwa yake, akairudisha mezani.

Flaviana alikaa akitazama kioo cha kompyuta. Kisha akarudisha kile kijishale nyuma, akafungua fungu, akachagua hesabu. Alifanya hivyo kwa hasira, kama mtu anayepigilia msumari, lakini alifanya. Akafunga kompyuta, akaenda chumbani, akafunga na mlango.

"Kikao kimeahirishwa," Gwakisa alisema kwa upole.

Kwa wiki kadhaa Flaviana alimsalimia baba yake kwa heshima zote na hakumwambia kingine. Benadetha naye alimpikia mumewe ndizi zilizovurugika, na Laurean alizila bila neno. Ofisi kuu ililinganisha maombi na karatasi ya chuo, ikakuta kila kozi iko mahali pake, ikayapeleka. Ilisemekana rafiki mmoja wa Flaviana aliyeiacha takwimu yake kwa panya alihamishiwa kozi hiyo na ofisi kuu mpaka hesabu. Mwingine hakuhamishiwa, na alifika salama alikokuwa anakwenda. Ndivyo ilivyo, na mtu anayeshika haki kwa kutarajia wengine wakamatwe atachoka mapema.

Vyuo vilianza kujibu majira ya baridi. Kimoja kilikataa, kisha kingine, kisha vitatu kwa pamoja. Laurean alirudi kutoka kazini kila jioni akiuliza habari za posta kwa sauti ya mtu asiyejali, na kila mara mkewe alimjibu kwa macho. Chuo kimoja, huko Ohio, kilimwita Flaviana kwa usaili. Kikamweka kwenye foleni ya kusubiri. Alisubiri majira ya baridi, akasubiri ya kuchipua, na mwezi Julai, wakati ameshaanza kutafuta kazi ya maabara, wakampigia simu kwamba nafasi imepatikana. Iwapo vyuo vingine vilifukuzwa na C ile au na kemia ya kaboni au na jambo jingine kabisa, hakuna aliyewaambia, na Laurean hakujipa jibu la kumpunguzia uzito.

Alimpeleka mwenyewe kwa gari, na masanduku, na mkeka, na sufuria. Benadetha alilala kiti cha nyuma. Walikuwa wameshapita milima ya Pennsylvania wakati Flaviana alipogeuka.

"Baba, simu ile isingekuja, ungejuta?"

"Sana," alisema Laurean. "Ningejuta mpaka kaburini."

"Na ungeniambia tena niiweke hesabu?"

Laurean alitazama kioo cha pembeni, akawasha taa ya kuashiria, akampisha lori.

"Ningekuambia," alisema. "Ningejuta huku iko kwenye hesabu."

Flaviana alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akafungua mfuko wa sambusa ambazo mama yake aliwafungia. Akaitoa ya kwanza, akaiweka mkononi mwa baba yake.